Valletta, mji mkuu wa Malta: maswali ninayoulizwa kila siku

Nikirudi Tanga likizo maswali ni yaleyale, nikiwa huku Malta simu ikiita maswali ni yaleyale, sasa nimeona bora niyaandike yote sehemu moja halafu mtu akiniuliza namtumia tu. Huku nimekaa miaka kadhaa, nilianzia jikoni hotelini kuosha masufuria, na Valletta nimeipita alfajiri, mchana na usiku wa manane mpaka najua ngazi ipi ina jiwe linalocheza. Kama unatafuta fukwe na disko, hizo ziko miji mingine ya kisiwa, hapa ni Valletta tu.

Malta yenyewe iko wapi?

Katikati ya bahari ya Mediterania, juu yake kama kilomita 90 hivi kuna Sicily ya Italia, na ukishuka kusini unakutana na Libya. Ni visiwa, vinavyokaliwa ni Malta, Gozo na Comino, ingawa Comino wakazi wake unawahesabu kwa vidole. Nchi nzima ni kilomita za mraba 316, yaani Unguja peke yake inaimeza mara tano. Watu wake ni nusu milioni na ushee. Walikuwa chini ya Mwingereza kama sisi, wakapata uhuru 1964, wakawa jamhuri 1974, na wanajeshi wa Mwingereza wakaondoka kabisa tarehe 31 Machi 1979. Umoja wa Ulaya wameingia 2004, yuro wakaanza kuitumia 2008.

Ni kweli mji mkuu una watu elfu tano tu?

Kweli. Sensa ya 2021 ilipata wakazi elfu tano na kidogo, na eneo lake halifiki hata kilomita moja ya mraba, ndo mji mkuu mdogo kuliko yote kwenye Umoja wa Ulaya. Kutoka lango la mji mpaka ngome ya St Elmo kule mwisho ni kama kilomita moja, unatembea robo saa, ishirini ukisimama kupiga picha.

Ila usidhani utakuta kijiji. Mchana mji unafurika, kuna bunge, mahakama, wizara, mabenki, wanafunzi, na siku ambayo meli mbili za kitalii zimetia nanga barabara kuu haipitiki, unatembea kwa bega. Halafu jioni watu wanarudi makwao na ghafla unasikia viatu vyako mwenyewe. Kabla ya vita kuu ya pili walikuwa wanaishi humu watu zaidi ya 20,000, wamebanana vibaya. Mabomu yakawatoa wengi, na waliobaki wakazeeka kwenye nyumba za ghorofa nne zisizo na lifti, vijana wakahamia miji mingine, na siku hizi nyumba nyingi zimegeuzwa vihoteli. Mzee mmoja jirani yangu wa zamani alikuwa anasema mtaa wake ulikuwa na watoto wa kutosha timu mbili za mpira, sasa umebaki na mabegi ya magurudumu, krrr krrr krrr juu ya mawe saa kumi alfajiri.

Wenyewe wala hawasemi Valletta. Wanasema il-Belt, maana yake Mji, basi. Kama mtu wa Unguja anavyokwambia naenda mjini na hakuna anayemuuliza mji gani.

Nani aliujenga?

Hapa kaa vizuri maana ndo utamu wenyewe.

Kulikuwa na watawa wa Kikatoliki wanaobeba upanga, wa Mtakatifu Yohana, watoto wa matajiri kutoka kila pembe ya Ulaya. Waturuki waliwafukuza kisiwa cha Rhodes, wakahangaika miaka kadhaa, mwaka 1530 mfalme wa Hispania akawapa Malta, na kodi yake ilikuwa mwewe mmoja wa kuwindia kwa mwaka. Kodi ya kisiwa kizima ndege mmoja, halafu mimi chumba kimoja nalipa nusu ya mshahara.

1565 Waturuki wakaja na jeshi la makumi ya maelfu kumaliza kazi. Mji huu ulikuwa haupo, kilikuwa kilima kitupu cha mwamba na kingome kidogo pale nchani, St Elmo. Kingome hicho kilitakiwa kianguke kwa siku chache, kikakaza karibu mwezi mzima mpaka tarehe 23 Juni, na kule Birgu ng'ambo ya bandari wengine wakapata muda wa kujiandaa. Waturuki wakaondoka Septemba bila kisiwa. Tarehe 8 Septemba mpaka leo ni sikukuu ya taifa.

Sasa mkuu wa wale watawa, Mfaransa anaitwa Jean de Valette, mzee wa miaka 70 hivi, akasema kile kilima hatukiachi kitupu tena. Papa akamtuma injinia wake Francesco Laparelli, hela zikachangwa Ulaya nzima, na tarehe 28 Machi 1566 jiwe la kwanza likawekwa. De Valette akafa 1568 mji haujaisha, Laparelli naye akafa kwa tauni 1570, kazi akaimalizia Mmalta mwenyewe, Girolamo Cassar. Kwa hiyo ni mji uliochorwa kwenye karatasi kwanza ndo ukajengwa, mitaa yote imenyooka kama mistari ya daftari, ili upepo wa bahari upite na askari wakimbie haraka kutoka ukuta huu kwenda ule. Kila nyumba ililazimishwa kuchimba kisima chini yake cha kukinga maji ya mvua, maana kilima hakina chemchemi. Baadhi ya mahoteli ukishuka chini unaonyeshwa hivyo visima.

Kwa mtu wa Mombasa nitakwambia hivi: Fort Jesus ilianza 1593, nayo ilichorwa na injinia wa Kitaliano. Ni rika moja na Valletta. Zile kona zake kali za kufanya adui asipate pa kujificha, fikra ni ileile, ila hapa waliuzungushia mji mzima.

Mbona nasikia wanaongea kama Waarabu?

Kwa sababu Kimalta ni mtoto wa Kiarabu, kile kilichokuwa kinazungumzwa Sicily zamani, ndo lugha pekee ya ukoo huo iliyo rasmi kwenye Umoja wa Ulaya, na wanaiandika kwa herufi za Kilatini. Waislamu waliteka kisiwa mwaka 870, Wanormani, Wakristo wa Ulaya, wakaja 1091, dini ikabadilika, lugha ikabaki. Juu yake Kitaliano kimemwagwa kwa wingi sana.

Mimi nilishtuka foleni ya mkate, wiki ya kwanza. Mama mbele yangu anahesabiwa chenji, nasikia "għoxrin, tletin, erbgħin, ħamsin", nikageuka kama nimeitwa jina. Ishirini, thelathini, arobaini, hamsini! Endelea nayo: sittin, sebgħin, tmenin, disgħin, mija, elf. Mtoto wa darasa la kwanza Pangani anafuata bila shida. Kuanzia hapo nikawa nawinda maneno. Bahari ni baħar. Asali ni għasel. Dunia ni dinja. Kitabu ni ktieb. Saa ni siegħa, wakati ni waqt, maskini ni fqir yaani fakiri. Alhamisi ni il-Ħamis, Ijumaa ni il-Ġimgħa, na Ijumaa Kuu wanaiita il-Ġimgħa l-Kbira, ambayo ndo ileile Ijumaa Kuu neno kwa neno. Kinachowashangaza wengi ni kwamba hawa ni Wakatoliki wa kutupwa lakini Mungu wanamuita Alla, na Kwaresima wanaiita Randan. Ndiyo, imetoka Ramadhani.

Neno la kwanza la kujifunza lakini ni "mela". Linafanya kazi zote za "basi" na "haya" na "ndo hivyo" na "sasa je". Ukiliweka mwanzo wa sentensi ukanyamaza, Mmalta anakuona mwenyeji.

Kiingereza kinatosha?

Kinatosha. Ni lugha rasmi pamoja na Kimalta, fomu zote zipo kwa Kiingereza, dereva wa basi anaongea, bibi wa dukani anaongea. Na vitu vingine vya Mwingereza vitakufanya ujisikie nyumbani: wanaendesha kushoto, na soketi za ukutani ni zilezile za matundu matatu kama kwetu, chaja yako inaingia bila adapta. Wale waliopitia Italia kwanza ndo wanajua raha ya jambo hili.

Nikiwa na siku moja tu niingie wapi?

Kanisa la St John's Co-Cathedral, na sikupi chaguo la pili. Kwa nje ni jumba la jiwe lisilo na mbwembwe, unaweza kulipita. Ukiingia ndani dhahabu imepakwa mpaka macho yanauma, lakini we angalia chini. Sakafu nzima ni makaburi, karibu 400, kila moja limefunikwa marumaru ya rangi iliyokatwa na kuunganishwa kama mkeka, na mafuvu yanacheka, mifupa imeshika saa ya mchanga, malaika wanapuliza tarumbeta. Unatembea juu ya wale watawa wa upanga, watoto wa matajiri. Wanawake msivae visigino vyembamba, mnarudishwa mlangoni kwa sababu vinatoboa marumaru, na mabega yafunikwe kwa wote.

Halafu pita chumba cha pembeni ukaone mchoro wa Caravaggio, mchoraji wa Kitaliano, wa kukatwa kichwa Yohana Mbatizaji, wa 1608. Ni mkubwa, upana unapita mita tano. Yohana yuko chini, shingo imeshakatwa nusu, mnyongaji anavuta kisu kingine nyuma ya mkanda kumalizia, na msichana ameinama na sinia. Damu inachuruzika sakafuni, na ndani ya damu hiyo mchoraji kaandika jina lake. Ni mchoro pekee aliowahi kuusaini. Mwenyewe alikuwa ameua mtu Roma 1606 akakimbia, huku wakamvika utawa, miezi michache baadaye akapigana tena, akafungwa ngome ya St Angelo ng'ambo ya bandari, akatoroka kwenda Sicily. Wenzake wakakaa kikao Desemba kumfukuza, na kikao chenyewe kilikuwa chumba hichohicho, mchoro ukiwatazama. Mimi kila nikiufikiria huo mkutano nywele zinasimama.

Tiketi inauma kidogo. Lipa tu.

Mlio mkubwa saa sita mchana ni nini, nisikimbie?

Usikimbie. Ni mizinga ya heshima chini ya bustani ya Upper Barrakka, wanapiga saa sita kamili mchana na tena saa kumi. Zamani ilikuwa kuwapa manahodha saa sahihi. Watalii wanajazana juu kwenye bustani, mimi nakushauri usimame pembeni kushoto, uangalie njiwa badala ya mzinga. Wameusikia maisha yao yote na bado wanaruka wote kwa pamoja.

Bustanini hapo ndo utaona Bandari Kuu yote, ngome za Birgu na Senglea mbele yako, na meli kubwa zikiingia kama magorofa yanayotembea. Kushuka chini majini kuna lifti ya mita 58, ilifunguliwa 2012, unalipa kidogo tu. Kushuka kwa ngazi ni bure, kupanda kwa ngazi ni adhabu.

Vita vya pili viliwafanya nini?

Mabomu yalianza Juni 1940 siku moja baada ya Italia kuingia vitani, halafu Wajerumani nao wakaja, na mwaka 1942 kisiwa kikawa moja ya sehemu zilizopigwa sana duniani. Watu walihamia chini kwenye mahandaki, wakapikiwa kwenye majiko ya pamoja, chakula kikafika ukingoni. Aprili 1942 mfalme George wa Sita akawapa kisiwa kizima nishani ya ushujaa, George Cross, ndo ule msalaba mdogo unaouona kona ya bendera yao. Nishani yenyewe iko makumbusho ya vita pale St Elmo. Mwezi Agosti msafara wa meli za chakula na mafuta ulishambuliwa njia nzima, chache zikafika, na meli ya mafuta ya Ohio iliingizwa bandarini tarehe 15 imefungwa katikati ya meli nyingine mbili ili isizame. Wazee wanaiita kazi ya Mama Maria kwa sababu ni siku ya Kupalizwa kwake mbinguni.

Ukiingia lango la mji, kulia utaona nguzo zilizovunjika hazina paa. Hiyo ilikuwa nyumba ya opera, ikapigwa bomu Aprili 1942. Walibishana miaka sabini waijenge upya au la, mwisho akaitwa Renzo Piano, msanifu majengo wa Kitaliano, akaiacha hivyohivyo magofu na kuigeuza ukumbi wa wazi, halafu akajenga na bunge jipya pembeni, lile jengo lenye mawe yaliyochongwa kama jibini, na lango jipya. Wamalta wamegawanyika mpaka leo. Taksi nyingi nilizopanda dereva alilichukia lile bunge, mimi nalipenda, hasa jioni jua likilipiga mawe yanakuwa rangi ya mkate.

Yale maua na mishumaa mbele ya mahakama ni ya nani?

Ya Daphne Caruana Galizia, mwandishi wa habari aliyeandika sana juu ya rushwa, aliuawa kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake tarehe 16 Oktoba 2017. Watu waliweka picha yake na mishumaa chini ya sanamu ya kumbukumbu ya vita vya 1565, usiku vikawa vinaondolewa, asubuhi vinarudishwa, ikaenda hivyo muda mrefu sana. Ukipita simama kidogo. Usichezee vitu vyake kwa ajili ya picha.

Chakula?

Anza na pastizzi. Ni kama sambusa ndefu ya unga wa matabaka, ndani kuna jibini laini au njegere zilizopondwa, inatoka ovenini inachoma vidole, ukiuma inapukutika kifuani kote. Kula umesimama na chai ya maziwa kwenye glasi, ndo kifungua kinywa cha fundi bomba na cha wakili pia. Usile mbili kabla hujanywa maji, utalala mchana.

Halafu pale karibu na kituo kikuu cha mabasi, kabla ya lango, utasikia harufu ya kitu kinakaangwa. Imqaret. Unga wa kukunjwa, ndani tende iliyopondwa na anisi na chungwa, kimetumbukizwa kwenye mafuta. Mama yangu nilimpelekea picha akasema kumbe na wao wana futari.

Nyingine: ftira, mkate bapa wa kienyeji unaowekwa jodari wa kopo, nyanya, zeituni na mafuta, ambao utengenezaji wake UNESCO waliutambua 2020. Sungura ndo nyama ya taifa. Na kuna soda yao Kinnie, ya machungwa machungu na mitishamba, mara ya kwanza utaitema, ya tatu utaitafuta.

Muislamu atakula nini na ataswali wapi?

Mboga na samaki zipo kila kona. Pastizzi uliza kwanza, wapishi wengine wanatumia mafuta ya nguruwe kwenye unga, usione aibu kuuliza wamezoea. Nyama halali utapata kwenye maduka na migahawa ya Waturuki na Walibya, zaidi nje ya Valletta. Msikiti mkubwa uko Paola, basi linakufikisha muda mfupi, jiwe lake la msingi aliweka Gaddafi miaka ya 1970. Ijumaa pale utasikia lugha za nusu ya Afrika, na kama una bahati Kiswahili cha Kisomali.

Ni Malta ileile ya Mtume Paulo?

Ileile, kwenye Matendo ya Mitume sura ya 28 inaitwa Melita. Meli ilivunjika, wenyeji wakamuwashia moto, nyoka akamng'ata mkono akamkung'utia motoni. Valletta ina kanisa la Paulo aliyevunjikiwa meli, limejificha kwenye kichochoro, ndani wanatunza kipande cha nguzo wanayosema alikatiwa kichwa juu yake Roma, na mfupa wa mkono. Sikukuu yake ni 10 Februari, sanamu inabebwa mitaani mabegani, karatasi zinamwagwa kutoka vibarazani mpaka barabara haionekani. Na ndiyo, nyoka wa Malta hawana sumu ya kumdhuru mtu, wenyewe wanasema Paulo ndo aliitoa.

Kuzunguka nitatumia nini?

Miguu. Gari Valletta ni mzigo, huna pa kuegesha. Kituo kikuu cha mabasi yote ya kisiwa kiko nje ya lango palipo na chemchemi ya kujengwa ya Triton, kwa hiyo ukilala hapa unafika popote kwa basi moja. Wakazi wenye kadi yenye jina lao wanapanda bure tangu Oktoba 2022, mgeni analipa yuro mbili tatu hivi. Mabasi yanachelewa. Daladala zetu zina kelele lakini zinakuja.

Bora zaidi ni pantoni. Upande mmoja unavuka kwenda Sliema, upande wa pili kwenda Bormla, katikati ya Birgu na Senglea, dakika chache tu majini kama Kigamboni ila hakuna anayesukuma. Gozo nako tangu 2021 kuna boti ya kasi inaondokea Valletta, kama dakika 45.

Onyo la ngazi: mitaa inayokata barabara kuu inashuka pande zote mbili kuelekea bahari, na mingine siyo mitaa ni ngazi tupu. Mara ya kwanza nilikodi kitanda mtaa wa St Ursula, begi kilo 30, Agosti. Nilikaa kwenye ngazi ya katikati nikawa natafakari maisha, bibi mmoja juu akafungua kibaraza cha mbao, kile cha kijani kama cha Mji Mkongwe, akateremsha kikapu kwa kamba, ndani kuna chupa ya maji baridi. Kikapu hicho hutumia kununulia mkate, muuzaji anaweka, yeye anavuta. Wanawaita nanna, mabibi wa hivyo. Nilikunywa, nikarudisha chupa kikapuni, akavuta akafunga dirisha bila neno.

Baridi ipo?

Theluji hakuna. Julai na Agosti joto linapita 30 na jiwe linarudisha moto usiku, unalala kama uko tanurini. Lakini Januari ndo itakukamata, nje nyuzi 12 au 14 unasema kitu gani hiki, kumbe nyumba za mawe hazina joto la ukutani, unyevu unaingia kwenye godoro, nguo zinakauka siku tatu. Nunua blanketi nzito kabla ya koti. Aprili, Mei na Oktoba ndo miezi ya kuja.

Viza, kazi, chumba?

Viza ni ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Mtanzania na Mkenya wote wanahitaji, ya matembezi haizidi siku 90 ndani ya 180 na haikupi ruhusa ya kazi. Kazi zipo kweli, hotelini, usafi, ujenzi, kutunza wazee, lakini kibali cha mtu wa nje ya Ulaya kinafungamana na mwajiri aliyekuombea, ukigombana naye huna muda mrefu wa kutafuta mwingine. Ajenti anayekwambia njoo na viza ya utalii utabadilishia huku, mkimbie. Mimi mmoja alinila hela kabla sijapata njia ya halali, na hela za mtu wa hivyo hazirudi. Chumba Valletta ni ghali, wengi tunakaa miji ya mbali kidogo tunachangia.

Wanatuchukuliaje weusi?

Nijibu bila kupaka sukari. Wengi ni wakarimu kama yule nanna. Wapo pia watakaohama kiti kwenye basi, na kuna nyumba utaambiwa imeshachukuliwa ukishaonana na mwenye nyumba ana kwa ana wakati kwenye simu ilikuwepo, imenitokea. Miaka mingi boti za watu kutoka Libya zimekuwa zikifika hapa au kuzama njiani, na siasa zao zimejaa jambo hilo, Novemba 2015 viongozi wa Ulaya na Afrika walikutana hapahapa Valletta kulizungumzia. Ndani ya mji wenyewe, penye watalii wa kila rangi, utapata shida kidogo kuliko vijijini. Tafuta watu wa kwenu mapema, tupo.

Usiku kuna nini?

Mtaa mwembamba unaitwa Strait Street, ukinyoosha mikono karibu unagusa pande zote mbili. Enzi za Mwingereza mabaharia walikuwa wanamalizia mishahara pale, kila mlango baa, muziki na wanawake, jeshi la maji lilipoondoka ukafa kabisa, milango ikapigwa misumari. Sasa umefufuka kwa viti vya nje na gitaa, vibao vya zamani vya mabaa vimeachwa vimefifia vilevile. Bia yako moja itakaa saa nzima hakuna anayekufukuza.

Siku ngapi zinatosha?

Wa meli wanapewa saa tano wanaondoka wanasema wameiona. Lala usiku mbili, humuhumu ndani ya kuta, hata kama chumba ni kidogo. Siku ya kwanza kanisa, bustani na makumbusho ya vitu vya kale ukamuone yule Mwanamke Aliyelala, kisanamu cha udongo cha maelfu ya miaka kinachoenea kiganjani, kimejilaza ubavu na mkono chini ya kichwa. Siku ya pili vuka na pantoni ukae Birgu uutazame mji kutoka ng'ambo. Halafu alfajiri ya kuondoka, kabla mabegi hayajaanza krrr, shuka mtaa wowote mpaka ukutani. Wavuvi wako pale na ndoo zao, paka wamekaa mstari wanasubiri, na ukiwauliza wamepata wangapi watakuhesabia: tlieta, erbgħa, ħamsa, sitta.